Karatasi ya alama ya Japan Open: isome mstari kwa mstari, ukokotoe mshindi mwenyewe

Maswali ni yaleyale kila Oktoba baada ya Japan Open, mashindano ya timu ya kuteleza kisanaa kwenye barafu. Bingwa wa zamani kaanguka mara moja tu, mbona alama zimeporomoka? Timu hii ina mtu wa pili na wa tatu, ile ina wa kwanza na wa mwisho, inakuwaje ile ishinde? Na wengi wakijaribu kujumlisha wenyewe wanapata jibu tofauti na la kwenye karatasi, kisha wanalaumu majaji.

Mara nyingi kosa liko kwenye hesabu ya msomaji, na ni makosa matano au sita yanayojirudia. Mwongozo huu unayapitia kwa mpangilio. Ukiufuata hadi hatua ya mwisho, jumla yako italingana na ya karatasi hadi nukta mbili, na utaweza kuonyesha kwa kidole mahali mashindano yalipoamuliwa.

Tunatumia Japan Open kwa sababu ni mashindano ya mwaliko ambamo wenye medali za zamani hupanda barafuni pamoja na wanaoendelea kushindana. Jeffrey Buttle wa Kanada, bingwa wa dunia wa 2008, alistaafu mwaka huohuo na bado akaalikwa mara kadhaa. Timu ni tatu: Japani, Ulaya na Amerika Kaskazini. Kila timu ina wanaume 2 na wanawake 2, na kila mmoja anafanya programu huru, ile ndefu ya dakika 4, peke yake. Programu fupi haipo.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Karatasi ya alama yenyewe, ile yenye alama za kila jaji. Ukurasa wa matokeo unaoonyesha jina na jumla tu hautoshi.
- Jedwali la thamani za miruko, spini (kuzunguka mahali pamoja) na mifuatano la msimu husika. Shirikisho la kimataifa, ISU, hulitoa kwa kila msimu. Namba zote za mwongozo huu ni za msimu wa 2024–25. Ukisoma karatasi ya msimu mwingine, tafuta jedwali lake.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Karatasi tupu yenye safu nne: kitu kilichofanywa, thamani ya msingi (ile ya kwenye jedwali), alama za ubora (za majaji), jumla.
- Video ya programu. Si lazima kwa hesabu, lakini bila video hutajua kwa nini alama fulani ilitolewa.

Kama unataka kutazama moja kwa moja, kumbuka Japani iko saa 6 mbele ya Nairobi na Dar es Salaam, saa 7 mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, saa 8 mbele ya Kinshasa na saa 5 mbele ya Muscat. Kinachoanza alasiri Saitama, Japani, kwako ni asubuhi. Usiku wa siku hiyohiyo huwa kuna onyesho liitwalo Carnival on Ice, na wengi wa waliocheza mchana huonekana tena. Onyesho hilo halina alama kabisa, kwa hiyo usihangaike kutafuta karatasi yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha una karatasi sahihi

Angalia kichwa cha karatasi. Juu kuna nafasi, jina, nchi au timu, na namba ya kuanza. Mwisho wa mstari huo kuna namba nne: jumla ya programu, jumla ya ufundi, jumla ya vipengele (tazama hatua ya 6), na makato.

Chini yake kuna jedwali la mistari 12. Programu huru ya mwanamume au mwanamke mmoja ina vitu 12: miruko 7, spini 3, mfuatano wa hatua 1 na mfuatano wa kisanaa 1. Mruko mmoja hapa unaweza kuwa muungano wa miruko miwili au mitatu, bado unahesabiwa kama kitu kimoja. Mistari ikiwa pungufu ya 12, kuna kitu mtelezaji hakukifanya.

Kisha hesabu safu za majaji. Kwenye mashindano makubwa ya ISU huwa 9, ila mashindano ya mwaliko yanaweza kuwa na majaji wachache zaidi. Andika idadi hiyo pembeni, kwa sababu ukikosea hapa, wastani wote wa hatua ya 4 utakuwa na kasoro.

Tahadhari. Usitumie namba zilizopita kwenye kona ya skrini wakati wa matangazo. Zile ni za muda. Jopo la ufundi, yaani watu 3 wanaotambua kila mruko na ambao si majaji, linaweza kuurudia mruko kwenye video baada ya muziki kwisha na kuushusha thamani, na namba ya skrini ikabaki kwenye picha uliyopiga.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye mistari 12, idadi ya majaji, na namba nne za juu.

## Hatua ya 2: Soma kilichofanyika

Safu ya kwanza baada ya namba ina vifupisho. Tarakimu ni idadi ya mizunguko hewani, herufi ni aina ya mruko.

T ni tolupu, S ni Salchow, Lo ni lupu, F ni flipu, Lz ni Lutz, A ni Axel. Kwa hiyo 3Lz ni Lutz ya mizunguko mitatu. Axel inarukwa mtelezaji akielekea mbele, ndiyo maana ina nusu mzunguko wa ziada na thamani yake ni kubwa. Ukiona 1Eu katikati ya muungano, ni Euler, mruko mdogo wa kuunganisha wenye thamani ya 0.50.

Spini huishia na Sp na namba ya kiwango, hadi 4. Herufi za mbele zinaeleza mkao na namna ya kuingia. StSq ni mfuatano wa hatua, nao una viwango hadi 4. ChSq ni mfuatano wa kisanaa, ambao una thamani moja tu.

Thamani za msingi utakazokutana nazo mara nyingi ni hizi:

- Mizunguko minne: 4T 9.50, 4S 9.70, 4Lo 10.50, 4F 11.00, 4Lz 11.50
- Mizunguko mitatu: 3T 4.20, 3S 4.30, 3Lo 4.90, 3F 5.30, 3Lz 5.90, 3A 8.00
- Mizunguko miwili: 2T 1.30, 2S 1.30, 2Lo 1.70, 2F 1.80, 2Lz 2.10, 2A 3.30
- Spini za kiwango cha 4: CCoSp4 3.50, FCSp4 3.20, CSSp4 3.00
- Mifuatano: StSq4 3.90, ChSq1 3.00

Muungano unajumlishwa: 3Lz+3T ni 5.90 na 4.20, yaani 10.10.

Umefaulu ukiweza: kutazama video ukiwa umeshika karatasi na kutaja kila kitu kabla hakijatokea.

## Hatua ya 3: Soma alama ndogo, maana hapo ndipo watu hupotea

Karibu na kila kitu kuna safu nyembamba. Mara nyingi iko tupu. Isipokuwa tupu, inabadilisha kila kitu, na ndiyo safu ambayo wasomaji huiruka.

q – mruko umepungukiwa robo ya mzunguko kamili. Thamani ya msingi haiguswi, ila majaji hupunguza ubora.

< – umepungukiwa zaidi ya robo lakini chini ya nusu. Thamani inakuwa asilimia 80. 4T< ni 7.60 badala ya 9.50.

<< – umepungukiwa nusu mzunguko au zaidi. Unahesabiwa kama mruko wenye mzunguko mmoja pungufu. 3A<< ni sawa na 2A: 3.30. Mtu amepoteza 4.70 kabla jaji hajagusa kitufe.

e – Lutz au flipu imerukwa kwa ukingo wa chuma cha kiatu usio wake. Asilimia 80. 3Lz yenye e ni 4.72.

! – ukingo haukuwa wazi. Thamani inabaki, ubora hushuka.

F – kuanguka.

\* – kitu hakihesabiwi. Sifuri.

x – kitu kimefanywa nusu ya pili ya programu na kina nyongeza ya asilimia 10.

+REP – mruko wa mizunguko mitatu au minne umerudiwa peke yake bila muungano kwenye mara yoyote kati ya hizo mbili. Wa pili unapata asilimia 70.

Alama mbili kati ya hizi zinastahili maelezo zaidi.

Kwanza x. Haipewi kila mruko wa nusu ya pili. Katika programu huru ni vitu 3 vya mwisho vya miruko tu vinavyoipata, na sharti viwe nusu ya pili. Namba unayoiona kwenye safu ya thamani *tayari ina nyongeza ndani yake*. Ukizidisha tena kwa 1.1 umeongeza mara mbili. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

Pili nyota. Mruko wowote wa mizunguko miwili hauruhusiwi kufanywa zaidi ya mara 2 katika programu moja. Watelezaji wa zamani wanaopunguza ugumu wa miungano hupenda kumalizia na 2T, kwa kuwa haichoshi mguu. Wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu sifuri. Kwenye karatasi utaona 3S+2T*: Salchow imelipwa, tolupu haikulipwa. Dawa ni kufanya 2Lo mara ya tatu, na aliyejiandaa anajua hilo kabla hajaingia barafuni. Ukiona nyota hii kwa mtu mwenye medali ya dunia, basi mara nyingi mpango ulivurugika katikati: muungano uliokosekana mwanzoni uliongezwa baadaye kwa haraka.

Tahadhari. Alama hizi zinatolewa na jopo la ufundi la watu 3 wanaoamua kwa wingi wa kura. Majaji hawazitoi na hawawezi kuzibadilisha. Malalamiko kwamba jaji fulani "kamnyima mzunguko" yanamlenga mtu asiyehusika.

Umefaulu ukiweza: kuandika thamani ya msingi ya mistari yote 12 na kupata jumla iliyochapwa chini ya safu hiyo.

## Hatua ya 4: Kokotoa alama za ubora

Kila jaji hutoa namba nzima kati ya −5 na +5 kwa kila kitu. Safu yenye herufi GOE inaonyesha matokeo ya namba hizo baada ya kukokotolewa. Fanya hivi:

1. Ondoa namba ya juu kabisa moja na ya chini kabisa moja. Kama majaji wawili wote wametoa ya juu kabisa, unaondoa mmoja tu. Watu wengi huwaondoa wote wawili, na hilo ni kosa la pili kwa wingi.
2. Tafuta wastani wa zilizobaki. Majaji 7 wanaacha 5, majaji 9 wanaacha 7. Wakiwa pungufu ya 5, hakuna kinachoondolewa.
3. Zidisha wastani kwa asilimia 10 ya thamani ya msingi.
4. Kadiria hadi nukta mbili.

Mfano wa 4T, majaji 7 wametoa 2, 1, 2, 3, 2, 1, 2. Ondoa 3, ondoa 1 moja. Zinabaki 2, 2, 2, 1, 2. Jumla 9, wastani 1.80. Asilimia 10 ya 9.50 ni 0.95. Zidisha: 1.71. Mruko mzima umelipa 11.21.

Kuna mambo manne ya kukumbuka hapa:

- Kwenye muungano, asilimia 10 inatoka kwa mruko wenye thamani kubwa peke yake. Kwa 3A+2T unatumia 8.00, si 9.30.
- Nyongeza ya x haiingii kwenye ubora. 3Lz yenye x ina thamani ya 6.49, lakini ubora wake unakokotolewa kutoka 5.90.
- Mruko uliopunguzwa kwa < au e hutumia thamani iliyokwisha kupunguzwa.
- ChSq ina kanuni yake: kila hatua moja ya ubora ni 0.50, si 0.30.

Huo wa mwisho ni muhimu kwa wenye medali za zamani. Mfuatano wa kisanaa uliopata wastani wa 4 unalipa 5.00. Mfuatano wa hatua wa kiwango cha 4 wenye wastani huohuo unalipa 5.46. Jumla ni 10.46, zaidi ya 4T iliyotua salama bila ubora wowote. Magoti yakikataa mizunguko minne, hapa bado kuna alama za kuchuma, na mtelezaji mwenye miaka mingi barafuni anajua kuzichuma.

Umefaulu ukiona: namba yako ya kila mstari inalingana na safu ya mwisho kulia. Tofauti ya 0.01 ni kukadiria. Tofauti kubwa zaidi ni kosa, rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Pima gharama ya kuanguka

Kuanguka kunaadhibiwa mara mbili, na ndiyo sababu ya swali la "mara moja tu".

Mara ya kwanza ni ndani ya mstari: ubora unashuka hadi −5 au karibu na hapo, yaani nusu ya thamani ya msingi inaondoka. Mara ya pili ni kwenye makato ya mwisho. Kuanguka kwa kwanza na kwa pili kunakata alama 1 kila kimoja, kwa tatu na kwa nne alama 2 kila kimoja, kwa tano na kuendelea alama 3. Aliyeanguka mara tatu amekatwa 4, si 3.

Linganisha sasa:

- 4T iliyozunguka kamili na kuanguka: 9.50 toa 4.75, toa 1 = 3.75
- 4T< na kuanguka: 7.60 toa 3.80, toa 1 = 2.80
- 3Lz na kuanguka: 5.90 toa 2.95, toa 1 = 1.95
- 2A safi yenye wastani wa +3: 3.30 ongeza 0.99 = 4.29

Axel ya mizunguko miwili iliyofanywa vizuri inashinda zote tatu. Mtazamaji akiona bingwa wa zamani anaruka 2A mahali alipotarajia Lutz hudhani amekata tamaa. Mara nyingi ni uamuzi wa hesabu, na ni uamuzi sahihi kwa mtu ambaye hafanyi tena mazoezi ya miruko kila siku.

Zaidi ya hapo kuna hasara isiyoonekana kwenye mstari: kuanguka au kosa kubwa huweka kikomo cha jinsi alama za vipengele zinavyoweza kupanda karibu na 10.

Tahadhari. Si kila kugusa barafu ni kuanguka. Kunahesabiwa pale ambapo uzito mkubwa wa mwili umebebwa na kitu kingine badala ya chuma cha kiatu: mikono, goti, mgongo au makalio. Mkono mmoja uliogusa wakati wa kutua unapunguza ubora tu.

Makato mengine utakayoyaona: alama 1 kwa kila sekunde 5 za kuzidi au kupungukiwa muda, ambapo programu huru ni dakika 4 na ruhusa ya sekunde 10 kila upande. Alama 1 kwa vazi au kifaa kisichoruhusiwa. Alama 2 kwa kitu kilichokatazwa. Mruko wa sarakasi wa kupinduka kinyumenyume (backflip) ulikuwa kwenye orodha hiyo hadi ISU ilipoondoa katazo mwaka 2024. Miezi michache kabla, kwenye mashindano ya dunia ya Montreal, Adam Siao Him Fa wa Ufaransa aliufanya akijua atakatwa 2, na bado akapanda kutoka nafasi ya 19 hadi shaba. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya zamani na ya sasa, usishangae kuona kitendo kilekile kimekatwa kwenye moja na kuachwa kwenye nyingine.

## Hatua ya 6: Kokotoa vipengele vya programu

Chini ya jedwali kuna mistari 3: utungaji, uwasilishaji, na stadi za kuteleza. Kila jaji hutoa alama hadi 10, akipanda kwa 0.25.

Tafuta wastani wa kila mstari kwa njia ileile ya kuondoa ya juu moja na ya chini moja. Jumlisha wastani 3, kisha zidisha: kwa 3.33 kama ni mwanamume, kwa 2.67 kama ni mwanamke.

Kwa hiyo kilele cha mwanamume ni 99.90 na cha mwanamke 80.10. Karatasi za kabla ya msimu wa 2022–23 zina vipengele 5 na vizidishi vingine. Usivichanganye.

Uzito wake si mdogo. Majaji wakimwongezea mwanamume 0.25 kwenye vipengele vyote 3, amepata karibu 2.50, zaidi ya thamani ya 2Lz nzima. Wenye medali za zamani hulindwa na mistari hii, hasa miwili ya kwanza. Wa tatu, stadi za kuteleza, hupima kasi, kingo na udhibiti, na huo huonyesha haraka nani bado anateleza kila wiki na nani amerudi kwa ajili ya mwaliko.

## Hatua ya 7: Fanya mazoezi kwa karatasi hii

Hii ni karatasi ya mfano tuliyoitunga kwa ajili ya zoezi: mwanamume, majaji 7. Kila mstari una kitu, thamani, wastani wa ubora baada ya kuondoa wawili, na malipo.

1. 4T – 9.50 – 1.80 – 11.21
2. 3A+2T q – 9.30 – (−1.20) – 8.34
3. 3A – 8.00 – 1.00 – 8.80
4. 3Lo – 4.90 – 0.60 – 5.19
5. FCSp4 – 3.20 – 2.00 – 3.84
6. StSq4 – 3.90 – 3.40 – 5.23
7. 3Lz F x – 6.49 – (−5.00) – 3.54
8. 3F+2T x – 7.26 – 0.80 – 7.68
9. 3S+2T* x – 4.73 – 0.20 – 4.82
10. ChSq1 – 3.00 – 3.60 – 4.80
11. CSSp3 – 2.60 – 1.80 – 3.07
12. CCoSp4 – 3.50 – 2.60 – 4.41

Thamani za msingi zinajumlika 66.38, ufundi wote 70.93. Vipengele: 8.80, 9.05 na 8.75, jumla 26.60, mara 3.33 ni 88.58. Makato 1.00. Jumla ya programu: 158.51.

Usisome tu. Kokotoa mistari ya 2, 7 na 9 kwa mkono. Wa pili unakulazimisha kutumia 8.00 badala ya 9.30. Wa saba unakulazimisha kuacha x nje ya ubora. Wa tisa una 2T ya tatu, kwa hiyo thamani ni 4.30 mara 1.1 na basi. Ukipata yote matatu, karatasi nyingine yoyote haitakusumbua.

## Hatua ya 8: Jumlisha timu

Hapa Japan Open ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unachukua alama kamili za watelezaji 4 wa timu na kuzijumlisha. Nafasi aliyoshika mtu haina kazi yoyote.

Wanaochanganya wametoka kutazama mashindano ya timu ya Olimpiki. Kule nafasi hugeuzwa kuwa pointi, wa kwanza hupata 10, na ukubwa wa tofauti haujalishi. Hapa kila sehemu ya alama inahesabiwa.

Tumtie yule wa 158.51 kwenye timu A:

- Timu A: 172.40, 158.51, 128.15, 119.60. Jumla 578.66.
- Timu B: 181.05, 150.20, 131.90, 117.35. Jumla 580.50.

Kwa nafasi zimelingana: kwa wanaume na kwa wanawake, B ina wa kwanza na wa nne, A ina wa pili na wa tatu. Kwa alama, B imeshinda kwa 1.84.

Rudi kwenye mstari wa 7. Lutz ile ililipa 3.54 na kukata 1, yaani 2.54. Kama pale pangekuwa na 2A ya wastani wa +3 yenye x, malipo yangekuwa 3.63 na 0.99, yaani 4.62 bila makato. Tofauti ni 2.08. Timu A ingefika 580.74 na kushinda kwa 0.24. Nayo 2Lo badala ya 2T kwenye mstari wa 9 ingeongeza 1.87 kwenye thamani ya msingi, na hiyo peke yake ingetosha kumbadilisha mshindi.

Hivi ndivyo unavyotafuta mahali mashindano yalipoamuliwa: chukua tofauti ya timu mbili, kisha tafuta kwenye karatasi 8 mstari mmoja ambao ungeiziba.

## Yanayokwama baada ya hapo

Kulinganisha na rekodi. Alama za Japan Open haziingii kwenye rekodi za ISU wala kwenye alama bora binafsi za mtelezaji. Mtu akikuambia fulani "kavunja rekodi ya dunia" Saitama, namba inaweza kuwa kubwa kweli, ila haiandikwi popote rasmi.

Kulinganisha mtu wa mashindano na mstaafu. Oktoba ni mwanzo wa msimu. Anayeshindana huwa anaijaribu programu mpya, na makosa yake ya siku hiyo hayatabiri mashindano ya dunia ya Machi. Mstaafu analeta programu aliyoichagua kwa kile anachokiweza sasa. Soma ufundi wao kando kando, kisha vipengele kando kando, usianze na jumla.

Karatasi isiyofanana na hii. Mashindano ya zamani ya watelezaji wa kulipwa, kama yale ya dunia yaliyofanyika Landover huko Marekani, yalikuwa na programu ya ufundi na ya kisanaa, na majaji walitoa alama hadi 10. Hakuna njia ya kuzigeuza kuwa alama za leo. Ukikutana na karatasi ya namna hiyo, linganisha watu wa siku ile wao kwa wao na uishie hapo.

Jumla imekataa kulingana. Kagua kwa mpangilio huu: idadi ya majaji, x iliyozidishwa mara mbili, muungano uliotumia thamani ya miruko yote kwenye ubora, ChSq iliyokokotolewa kwa asilimia 10, kizidishi cha wanaume kilichotumiwa kwa mwanamke, makato yaliyosahauliwa. Ikiwa zote ziko sawa na bado namba zinapishana, angalia mwaka ulioandikwa kwenye jedwali lako la thamani.